Imani Haishurutishwi

 

Neno letu la leo limo katika Waraka wa Paulo kwa Wagalatia, mlango wa kwanza, aya ya 6 mpaka ya 10, na tena mlango wa tano, aya ya kwanza. Kama Biblia iko karibu, weka alama mahali pote pawili, kwa maana wengi wetu huzisoma aya hizi kana kwamba ziliandikwa na watu wawili wasiojuana. Katika mlango wa kwanza Mtume ni mkali kama moto. Asema kwamba yeyote atakayewahubiri Wagalatia injili nyingine, hata akiwa malaika ameshuka kutoka mbinguni, na alaaniwe. Katika mlango wa tano Paulo yule yule anawasihi watu wale wale wasimame imara katika uhuru waliopewa na Kristo, wasikubali kuvikwa tena nira ya utumwa.

Watu wengi wanadhani huwezi kuwa na yote mawili. Wakimwona mtu anayeshika mafundisho ya kanisa bila kulegeza, husema, "Huyo akipewa serikali siku moja, atatutia sote gerezani." Na wakimwona mtu anayetetea uhuru wa kila mmoja kufuata dhamiri yake, husema, "Huyo hana analoamini." Leo nataka kuwaeleza habari za mwalimu mmoja wa Agano Jipya huko Marekani aliyeyashika yote mawili, nayo yakamgharimu cheo chake, kazi yake, na mwishowe nafasi yake katika kanisa alilolitumikia.

Jina lake ni John Gresham Machen. Nalitamka polepole kwa sababu halisomwi kama lilivyoandikwa: ni Meichen. Alizaliwa tarehe 28 Julai 1881 katika mji wa Baltimore. Baba yake alikuwa mwanasheria. Mama yake alitoka Georgia, katika majimbo ya Kusini, naye ndiye aliyemfundisha mwanawe katekisimu akiwa bado mtoto. Walikuwa Wapresibiteri, yaani kanisa la jamaa moja na ndugu zetu wa PCEA, lisilo na maaskofu kama letu, bali huongozwa na wazee na presbiteri na Baraza Kuu. Machen akasoma Kigiriki cha zamani, kisha akaingia chuo cha theolojia cha Princeton. Mwaka 1905 akavuka bahari kwenda Ujerumani kuongeza elimu.

Huko Marburg alikutana na mwalimu aitwaye Wilhelm Herrmann. Machen alikuwa ametayarishwa kukutana na wapinzani wa imani waliopoa, watu wakavu wa vitabu. Akamkuta mtu anayewaka. Herrmann alimsema Yesu kwa upendo na heshima hata wanafunzi wakatoka darasani wametetemeka mioyo. Lakini mwalimu huyo huyo alifundisha kwamba imani ya Mkristo haitegemei habari za mambo yaliyotukia, kama vile kaburi kuwa wazi asubuhi ya siku ya tatu. Kwake yeye ilitosha kwamba nafsi ya Yesu inaugusa moyo wa mtu. Kijana Machen akaandika barua nyumbani akieleza jinsi alivyotikisika. Kama Herrmann, bila kuyashika yale ambayo kanisa limeyakiri tangu mwanzo, alikuwa na moto namna hii, basi je, yale tunayoyakiri yana kazi gani?

Msikilizaji, ulizeni wazazi wangapi wangevumilia barua kama hiyo kutoka kwa mtoto waliyemsomesha. Mama yake hakumlaani wala hakumtishia kumkatia fedha. Alimhakikishia kwamba upendo wake haungepungua. Aliporudi mwaka 1906, wakubwa wake Princeton walimpa kazi ya kufundisha Kigiriki na Agano Jipya bila kumlazimisha kuwekewa mikono kwanza, maana walijua bado anapigana na mashaka. Na yeye kwa upande wake alikataa kula kiapo cha kichungaji mpaka aweze kukila kwa moyo mweupe. Miaka minane ilipita. Aliwekewa mikono mwaka 1914, akiwa na umri wa karibu miaka 33.

Nawaomba mkumbuke miaka hiyo minane, kwa sababu ndiyo inayoeleza mengine yote. Mtu huyu alikuwa ameachiwa nafasi ya kutoamini. Alichunguza, akasoma upande wa pili kwa lugha yao wenyewe, akalia mbele za Mungu, na mwisho akafikia mahali pa kusema: haya ni kweli, nayaamini. Ndiyo sababu baadaye hakuweza kuwavumilia watu waliokula kiapo kile kile huku hawaamini. Na ndiyo sababu hakuweza kuivumilia serikali inayotaka kuwatengenezea watu imani na fikira.

Sasa tuingie katika vita vyenyewe. Katika miaka ya 1920 makanisa makubwa ya Kiprotestanti ya Marekani yalikuwa na wahubiri wengi waliofundisha kwamba kuzaliwa kwa Bwana na bikira, miujiza, kifo chake kwa ajili ya dhambi zetu, na hata kufufuka kwake katika mwili, ni mambo ambayo mtu anaweza kuyashika au kuyaacha. Mwaka 1922 mhubiri mashuhuri Harry Emerson Fosdick, ambaye alikuwa Mbatisti akihubiri katika mimbari ya Wapresibiteri mjini New York, alitoa hotuba iliyowashutumu wale waliotaka mambo hayo yashikwe na kila mchungaji. Mwaka 1924 likatoka tangazo la wachungaji lililosema mambo ya namna hiyo yasiwe sharti la kuhudumu, na zaidi ya wachungaji 1,200 wa Kipresibiteri wakatia sahihi.

Katikati ya hayo, mwaka 1923, Machen alitoa kitabu kidogo kiitwacho Christianity and Liberalism. Hoja yake ilikuwa rahisi hata mtoto wa kipaimara aweze kuielewa. Alisema kwamba Ukristo tangu siku ya kwanza ulikuwa habari. Mitume hawakwenda huku na huku wakiwaambia watu, "Jitahidini kuishi kama Yesu." Walikwenda wakitangaza jambo lililotendeka Yerusalemu, na maana ya jambo hilo kwa wenye dhambi. Ukiiondoa habari ukaacha mawaidha, hujaubadilisha Ukristo kidogo ili upendeze wasomi. Umeleta dini nyingine na kuipa jina lile la zamani. Angalieni, hakusema kwamba watu hao ni wabaya, wala hakudai kujua hali ya moyo wa mtu yeyote mbele za Mungu. Alisema tu kwamba ni dini mbili, na kwamba uungwana unadai tuseme hivyo.

Hapo ndipo alipogusa jambo la uaminifu, na mimi kama kasisi lazima nilisikie kwa masikio yangu mwenyewe kwanza. Chukueni mfano wa chama chetu cha kuweka na kukopa. Hakuna askari anayekuburuta kujiunga. Ukiona masharti yake hayakufai, kaa nyumbani, au anzisha chama chako na jirani zako, na hakuna atakayekuchukia. Lakini tuseme umeingia, umepewa ufunguo wa sanduku, umekuwa mweka hazina. Halafu unasimama mbele ya wanachama na kusema, "Ndugu zangu, naipenda katiba yetu sana. Ila pale inaposema mkopo urudishwe, mimi nalielewa hilo kuwa mfano wa moyo wa shukrani." Wanachama wakikwambia uache ufunguo, je, wamekunyima uhuru wako? La. Uhuru wako uko pale pale. Wanalinda uhuru wao wenyewe, wa kuwa chama walichokubaliana kuwa.

Kanisa, alisema Machen, ni ushirika wa hiari. Mchungaji aliapa mwenyewe, kwa kinywa chake mwenyewe. Akiona kwamba haamini tena, njia ya heshima iko wazi: atoke, ahubiri anachoamini mahali pengine, na sheria za nchi zimlinde akihubiri. Machen hata aliwasifu Waunitari, watu wanaoukana Utatu, kwa kuwa walijenga nyumba zao wenyewe na kuandika mlangoni wanachokiamini. Hakukubaliana nao kwa neno lolote la maana, lakini hawakuwa wakila mkate wa imani wasiyoishika.

Sisi Waanglikana tusidhani tumekwepa. Kila Jumapili tunasimama na kukiri kwamba Bwana alizaliwa na Bikira Mariamu, akasulubiwa zamani za Pontio Pilato, na siku ya tatu akafufuka. Na sisi tuliovaa kola tuliulizwa maswali na askofu mbele ya watu wote, tukajibu. Hakuna aliyetushika shingo.

Lakini sasa geuzeni ukurasa, wapenzi, kwa sababu hapa ndipo wengi wa marafiki zake walipoanza kukuna vichwa. Mtu huyu aliyekuwa mgumu hivyo ndani ya kanisa, nje ya kanisa alikuwa mtetezi wa watu ambao hakukubaliana nao hata kidogo.

Mwaka 1919, vita vikuu vya kwanza vilipokwisha, jimbo la Nebraska lilipitisha sheria ya kukataza watoto wa shule za chini wasifundishwe kwa lugha isiyokuwa Kiingereza, wala wasifundishwe lugha ya kigeni mpaka wamalize darasa la nane. Shabaha ilikuwa wahamiaji Wajerumani. Mwalimu mmoja wa shule ya Kilutheri, Robert Meyer, alishtakiwa na kutozwa faini ya dola 25 kwa kumfundisha mtoto wa miaka 10 kusoma hadithi za Biblia kwa Kijerumani. Mwaka 1923 Mahakama Kuu ya Marekani ilimpa Meyer haki. Machen aliilaani sheria hiyo kitabuni mwake. Wale kati yetu waliowahi kuvikwa kibao shingoni shuleni kwa kosa la kusema lugha ya mama hawahitaji kuelezwa zaidi.

Huko Oregon mwaka 1922 wapiga kura waliamua kwamba kila mtoto wa kati ya miaka 8 na 16 lazima asome katika shule ya serikali. Waliolengwa hasa ni Wakatoliki wenye shule zao. Chama cha Ku Klux Klan kilikuwa kati ya walioshangilia. Machen alikuwa Mprotestanti wa kweli kweli, na tofauti zake na Roma hakuzificha. Hata hivyo akasimama upande wa wazazi na masista wale, na mwaka 1925 Mahakama Kuu ikaitangua sheria hiyo. Mwezi wa Februari 1926 alikwenda Washington mwenyewe, akaketi mbele ya kamati za bunge kupinga mpango wa kuanzisha wizara ya elimu ya taifa zima. Aliwaambia kwamba kufananisha vitu vyote ni jambo jema katika kiwanda cha motokaa za Ford, lakini mtoto si motokaa. Ana roho. Wazazi wake watamjibu Mungu juu yake, na serikali isiyojua mipaka itamfanya awe chombo.

Kuna jambo lingine ambalo litawashtua zaidi ninyi mlio waalimu wa dini. Alipinga kusoma Biblia na kufanya sala kwa amri katika shule za serikali. Machen! Alisema kwamba ukitoa vipande vya Biblia vyenye mawaidha mema tu, ukaacha msalaba ili usimkwaze mtu, unawafundisha watoto kwamba wanaweza kuwa wema bila Mwokozi, na hiyo ni kinyume cha Injili. Na ukiufundisha msalaba kwa amri ya serikali, unaitumia fedha ya Myahudi na ya asiyeamini kumfundisha mtoto wake imani asiyoitaka. Mimi ni mmoja wa makasisi wanaoingia shuleni juma kwa juma na vipindi vya dini, wala sikusudii kuacha. Lakini swali lake limenifanya nijiulize kama ninachowapa watoto wale ni Injili au ni adabu njema yenye aya pembeni.

Halafu ikaja habari ya pombe. Tangu Januari 1920 sheria ya taifa lote la Marekani ilikataza kutengeneza na kuuza vileo, na Waprotestanti wengi waliishangilia kama ushindi wa Mungu. Mwezi wa Aprili 1926 presbiteri yake ilipigia kura azimio la kuunga mkono sheria hiyo. Machen akasema hapana. Hakuwa mlevi. Aliona kwamba Biblia haikulipa kanisa kazi ya kuisukuma serikali katika jambo kama hilo. Najua katika nyumba za wasikilizaji wengi, hasa ninyi mliookoka katika Uamsho, chupa haiingii, wala nisingependa iingie. Lakini sikilizeni kilichofuata. Mwaka ule ule alikuwa amechaguliwa kushika kiti cha ualimu wa utetezi wa imani pale Princeton. Neno la kura yake likanong'onwa kila mahali, uthibitisho wake ukacheleweshwa katika Baraza Kuu, na kiti kile hakukikalia kamwe. Waliosema kila mtu awe huru kuhusu ufufuo wa Bwana hawakuwa na uhuru wa kumpa juu ya chupa.

Sitaki mdhani kwamba namkubali katika yote. Alipinga hata sheria ya mji wa Philadelphia ya kuwazuia watembea kwa miguu wasikatize barabara popote wapendapo. Hapo namwacha aendelee peke yake, maana nimezika watu waliokatiza barabara. Tena mwaka 1924 lilipoletwa pendekezo la kulipa bunge mamlaka juu ya kazi za watoto walio chini ya miaka 18, alilipinga akiogopa serikali kuingia nyumbani kwa watu. Nafikiri alikosea. Mtoto wa kiwandani naye ana roho, na wakati mwingine anayemfunga nira ni mwenye kiwanda, si serikali.

Na kuna jambo zito kuliko hayo, wala sitalipita kwa haraka kwa sababu wanaomsifu huwa hawalisemi. Mwaka 1913, akiwa mwalimu kijana anayeishi katika bweni la Alexander pale Princeton, Machen alimwandikia mama yake barua ya kulalamika. Mwanafunzi mmoja mwenye ngozi nyeusi kama yangu na yako alikuwa apewe chumba katika bweni hilo. Machen hakutaka. Akabishana juu yake na mkubwa wake, Benjamin Warfield, mtetezi mashuhuri wa imani ile ile, ambaye alisimama upande wa yule mwanafunzi. Warfield alikuwa mtu wa Kentucky, mahali palipokuwa na watumwa alipozaliwa, kwa hiyo hatuwezi kusema tu kwamba nyakati ndizo zilizomfunga Machen. Katika jengo lile lile walikuwapo wawili walioamini katekisimu moja, mmoja akaona na mwingine hakuona.

Nimejiuliza kama nikimaliza kulisema hilo ninaweza kuendelea kumtaja mtu huyu katika redio ya kanisa. Nimeamua ndiyo, kwa sababu kipimo chake mwenyewe ndicho kinachomhukumu. Ikiwa kila mtu anasimama mbele za Mungu kama nafsi, si kama kipande cha mashine, basi mwanafunzi yule alisimama hivyo pia, mlangoni pa chumba chake, na sanduku lake mkononi. Miaka kumi baadaye, mwishoni mwa kile kitabu cha mwaka 1923, Machen aliandika kwa uchungu juu ya kutamani mahali ambapo watu wachache wakikutana kwa jina la Yesu wanaweza kuyaweka kando mambo yanayolitenga taifa na taifa, na rangi na rangi. Maneno hayo nayapenda. Ningependa pia kusikia kwamba siku moja alimtafuta yule mwanafunzi.

Turudi katika mapigano. Mwaka 1929 chuo cha Princeton kilipangwa upya hata wale waliotia sahihi tangazo la 1924 wakapata viti katika halmashauri yake. Machen na waalimu wengine kadhaa wakatoka, wakaanzisha chuo kingine mjini Philadelphia kiitwacho Westminster. Kisha mwaka 1933, alipoona kwamba bodi ya misheni ya kanisa lake inawatuma na kuwalinda wamisionari wasioamini kwamba Kristo ni Mwokozi wa pekee, alishiriki kuanzisha bodi nyingine ya kujitegemea. Mwaka 1934 Baraza Kuu likatoa amri: kila mchungaji aliyemo katika bodi hiyo ajitoe. Tena likasema kwamba kutoa fedha kwa kazi za kanisa ni wajibu kama kushiriki Meza ya Bwana.

Sijui kama mmeusikia uzito wa neno hilo. Kanisa lililokuwa limesema kwamba mchungaji anaweza kuachiwa asiamini kuzaliwa na bikira, sasa lilisema hawezi kuachiwa asiiamini bodi. Uhuru katika mafundisho, chuma katika mambo ya ofisi. Nimeona mambo ya namna hii pia katika vikao vya kanisa karibu na nyumbani, wala sitasema wapi.

Machen akakataa kujitoa. Mwezi wa Februari na Machi 1935 alishtakiwa mbele ya tume ya presbiteri yake katika mji wa Trenton. Wanasheria wake walijiandaa kuonyesha kwa nini bodi ile ilihitajika, na kwamba amri yenyewe ilipita mamlaka ya Baraza. Tume ikaamua kwamba haitasikia hoja hizo. Hakuruhusiwa kueleza habari za tangazo la 1924, wala habari za mafundisho ya wamisionari, wala uhalali wa amri. Liliulizwa moja tu: umetii au hukutii? Hukumu ikawa asimamishwe huduma, na Baraza Kuu la mwaka 1936 likaithibitisha. Siku chache baadaye, tarehe 11 Juni 1936, yeye na kundi dogo la wachungaji na wazee wakaanza kanisa jipya. Waliacha nyuma majengo na mishahara. Wako wanaosema ilikuwa kiburi na mafarakano, nami kama Mwanglikana najua uchungu wa kulipasua kanisa na silichukulii kwa wepesi. Lakini alifanya lile lile alilowashauri wapinzani wake kwa miaka 13. Hakukaa ndani akijifanya ametii. Alitoka kwa mlango.

Katika miaka hiyo ya mwisho alikuwa akifanya kazi ninayoifanya mimi sasa hivi. Alihubiri kwa redio mjini Philadelphia, akifundisha misingi ya imani kwa lugha ya watu wa kawaida. Redio ilimfaa, nadhani, maana redio haimlazimishi mtu. Msikilizaji anaweza kuizima, na mhubiri hana la kufanya.

Siku za Krismasi mwaka 1936 alikuwa amechoka, kifua kinamsumbua. Rafiki zake walimsihi apumzike. Lakini alikuwa ameahidi kuhubiri katika makanisa machache madogo huko North Dakota, maelfu ya kilomita kutoka kwake, katika baridi kali mno. Akaenda. Akahubiri huku akishika ubavu kwa maumivu, kisha akapelekwa hospitali mjini Bismarck na ugonjwa wa mapafu. Akafa jioni ya tarehe 1 Januari 1937, akiwa na umri wa miaka 55, bila mke wala mtoto. Mwandishi H. L. Mencken, mtu wa Baltimore aliyekuwa akiwadhihaki Wakristo kila juma gazetini, alimwandikia makala ya heshima. Hakuamini neno moja alilohubiri Machen, lakini alisema wazi kwamba katika ugomvi ule wa kanisa, Machen ndiye aliyekuwa na hoja.

Kabla ya kufa alimtumia simu ya maandishi mwenzake John Murray, mwalimu wa theolojia huko Westminster. Maneno yalikuwa machache, kama simu za zamani zilivyokuwa. Alishukuru kwa ajili ya utii wa Kristo, akaongeza kwamba pasipo huo hana tumaini. Katika mojawapo ya hotuba zake za mwisho za redio alikuwa amelieleza jambo hilo. Bwana wetu hakutufia tu ili deni letu lifutwe. Aliishi pia miaka yake yote katika nafasi yetu, akaitii sheria ya Mungu pale ambapo sisi hatukuitii, na utii huo tunahesabiwa sisi. Paulo analieleza katika Warumi mlango wa tano, aya ya 19. Kwa miaka mingi watu walikuwa wamemwambia Machen kwamba mafundisho ya namna hiyo ni mifupa mikavu ya wasomi. Mtu aliyelala hospitalini mbali na kwao, mwenye kumbukumbu ya mema yake na ya barua zake zote, hakujishika kwa hotuba alizotoa bungeni wala kwa vitabu vyake.

Na tuombe. Ee Bwana, uwahurumie wale watakaowekewa mikono mwaka huu, wasiape wasichokiamini. Uwape subira wazazi ambao watoto wao wanapigana na mashaka. Uwakumbuke wale waliofungiwa mlango na watu wa imani yao wenyewe. Na wote waliolala hospitalini usiku huu, uwape utii wa Mwanao uwe wao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.